Mita 100 Kuruka Viunzi kwa Wanawake, Mashindano ya Riadha ya Afrika: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Kila Mashindano ya Riadha ya Afrika yanapowadia, maswali huwa yale yale: mbona kiunzi kimeanguka na mkimbiaji hakuondolewa, mbona muda mzuri namna ile haukuandikwa kuwa rekodi, mbona Nigeria tena. Hapa tumeanza na ya msingi, kisha tukaingia kwenye yale yanayozua ubishi hata miongoni mwa makocha. Pale ambapo jibu limekwisha kutolewa kwingine, utaelekezwa huko.

## Mambo ya msingi

Mbio hizi ni zipi hasa?

Ni mbio za kasi za mita 100 kwenye upande ulionyooka wa uwanja. Kila mwanariadha hukaa katika njia yake na kuvuka viunzi kumi vyenye kimo cha sentimita 83.8. Kutoka mstari wa kuanzia hadi kiunzi cha kwanza ni mita 13, kati ya kiunzi na kiunzi ni mita 8.50, na kutoka cha kumi hadi mstari wa mwisho ni mita 10.50.

Vipimo hivi havibadiliki popote duniani. Kwenye uwanja uliopigwa alama kamili utaona vialama vya njano vinavyoonyesha mahali pa kuweka viunzi hivi. Vya buluu ni vya wanaume na vya kijani ni vya mita 400.

Kwa nini wanawake wakimbie mita 100 na wanaume 110?

Ni historia tu. Wanawake walianza na mita 80 kuruka viunzi, mbio zilizoingia kwenye Olimpiki mwaka 1932 jijini Los Angeles. Wakimbiaji walipozidi kuwa na kasi, viunzi vile na nafasi zile zikawa ndogo mno kwao. Mita 100 zikachukua nafasi yake, na Olimpiki ya Munich mwaka 1972 ndiyo ya kwanza kuwa nazo.

Wapo makocha wanaosema kimo cha sentimita 83.8 bado ni cha chini kwa wanawake wa leo ukikilinganisha na sentimita 106.7 za wanaume, na kwamba mbio zinampendelea mwenye kasi kuliko mwenye ufundi. Hoja hiyo ina uzito, lakini matokeo ya uwanjani hayaiungi mkono kikamilifu. Wapo wakimbiaji wa kasi kubwa walioshindwa kabisa kuzoea nafasi ya mita 8.50, na sababu yake utaiona kwenye swali la hatua tatu.

Tofauti yake na mita 400 kuruka viunzi ni ipi?

Idadi ya viunzi ni kumi pia, lakini vya mita 400 kwa wanawake vina sentimita 76.2, na nafasi kati yake ni mita 35. Huko kinachopimwa ni kugawa nguvu kuzunguka uwanja mzima, tena kwenye kona, huku hatua zikifupika kadiri miguu inavyochoka. Kwenye mita 100 hakuna muda wa kugawa chochote.

Afrika ina historia nzuri katika mbio hizo ndefu. Nawal El Moutawakel wa Morocco alishinda dhahabu ya Olimpiki mwaka 1984 huko Los Angeles kwa sekunde 54.61, mara ya kwanza kwa mbio hizo kuwemo kwenye Olimpiki ya wanawake, na akawa mwanamke wa kwanza kutoka nchi ya Kiarabu kuwa bingwa wa Olimpiki. Mwenzake wa Morocco, Nezha Bidouane, alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1997 na tena mwaka 2001, na muda wake wa sekunde 52.90 wa mwaka 1999 ndio rekodi ya Afrika.

Je, ni sawa na kuruka viunzi na maji?

Hapana, ingawa jina huwachanganya wengi, hasa Kenya na Uganda ambako mbio za viunzi na maji ndizo zinazojulikana zaidi. Zile ni mita 3000. Vizuizi vyake ni vizito, havianguki, na mkimbiaji anaruhusiwa kukanyaga juu yake. Huko ndiko alikotamba Beatrice Chepkoech wa Kenya, aliyeweka rekodi ya dunia ya dakika 8:44.32 mwaka 2018, na Peruth Chemutai wa Uganda, bingwa wa Olimpiki ya Tokyo. Kiunzi cha mita 100 kimetengenezwa ili kianguke kikigongwa.

## Mashindano yenyewe

Mashindano ya Riadha ya Afrika na Michezo ya Afrika ni kitu kimoja?

Ni vitu viwili. Mashindano ya Riadha ya Afrika ni ya riadha peke yake, chini ya Shirikisho la Riadha Afrika (CAA), lenye makao makuu Dakar. Yalianza Dakar mwaka 1979, na kwa miaka mingi sasa hufanyika kila baada ya miaka miwili. Nairobi iliyaandaa mwaka 2010, Addis Ababa mwaka 2008. Yale yaliyopangwa kufanyika Algiers mwaka 2020 yalifutwa kwa sababu ya korona, ndiyo maana baada ya Asaba 2018 orodha inarukia Mauritius 2022, kisha Douala 2024.

Michezo ya Afrika ina soka, ndondi, kuogelea na mengineyo, na hufanyika kila baada ya miaka minne. Mtu akisema fulani ni "bingwa wa Afrika", uliza ni wa yapi. Wengine wana mataji ya pande zote mbili, na waandishi huyachanganya.

Nchi inaweza kuleta wakimbiaji wangapi?

Kwa kawaida wasiozidi watatu katika mbio moja. Kwa Nigeria na Afrika Kusini hili ni tatizo, kwa kuwa huacha nyumbani wakimbiaji wazuri. Nchi nyingi nyingine huwa na mmoja au hazina kabisa.

Herufi Q kubwa na q ndogo kwenye matokeo zina maana gani?

Q kubwa ni mkimbiaji aliyefuzu kwa nafasi yake, kwa mfano wawili au watatu wa mwanzo katika kila kundi la mchujo. q ndogo ni yule aliyekosa nafasi hizo lakini muda wake ukawa miongoni mwa bora ya waliobaki. Idadi hutegemea wangapi wamejiandikisha. Wakiwa wachache, hakuna nusu fainali. Mchujo huingia moja kwa moja kwenye fainali.

Usimhukumu bingwa kwa muda wake wa mchujo. Mwenye uzoefu akiona amejitenga hulegeza baada ya kiunzi cha kumi, na ni haki yake.

Nani hupewa njia za katikati?

Katika mchujo njia hupangwa kwa kura. Kwenye hatua zinazofuata, waliofanya vizuri hupigiwa kura ya njia za kati, na wengine hupelekwa pembeni. Kwa kuwa hakuna kona, njia ya kwanza na ya nane zina umbali ule ule na mazingira yale yale, lakini aliye pembeni hukosa mpinzani upande mmoja, na wakimbiaji wengi hupenda kusikia mwenzao akivuka pande zote mbili.

## Namna mbio zinavyokimbiwa

Wanasema "hatua nane, kisha tatu tatu". Maana yake nini?

Hili ndilo swali muhimu kuliko yote katika ukurasa huu, na anayelielewa hatatazama mbio hizi kama zamani.

Kutoka kwenye vibao vya kuanzia hadi kiunzi cha kwanza wengi hupiga hatua nane, wachache wenye miguu mirefu na nguvu nyingi hupiga saba. Baada ya hapo, kati ya kiunzi na kiunzi hupigwa hatua tatu tu, mara tisa mfululizo. Akizidisha ikawa nne, mguu wa kuongoza hubadilika na mpangilio wote huvurugika. Akipiga tano, ameshaachwa.

Sasa fikiria nafasi yenyewe. Kwenye mita 8.50 toa kwanza sehemu anayopita akiwa hewani: mkimbiaji huanza kuruka kama mita mbili kabla ya kiunzi na kutua kama mita moja baada yake. Zinazobaki ni mita tano na nusu hivi za kupiga hatua tatu, fupi kuliko hatua zake za kawaida anapokimbia mita 100 bila viunzi. Kwa hiyo hawezi kuongeza mwendo kwa kurefusha hatua, kwa kuwa kiunzi kitamjia karibu mno. Njia pekee ni kuzipiga haraka zaidi. Hapo ndipo wakimbiaji wa kasi kutoka mita 100 za kawaida hukwama: wamezoea kujinyoosha wanapofika katikati ya mbio, na mita 8.50 hazimruhusu yeyote kujinyoosha.

Kwa mkimbiaji wa kiwango cha dunia, kutoka kutua baada ya kiunzi kimoja hadi kutua baada ya kinachofuata huchukua takribani sekunde moja. Kocha mwenye saa ya mkononi huandika muda wa kila kutua, na ndani ya namba hizo kumi anaona mbio nzima: wapi mwendo ulipanda, wapi ulianza kushuka. Karibu kila mtu hushuka kuanzia kiunzi cha saba au cha nane. Mshindi mara nyingi ni yule anayeshuka polepole kuliko wenzake, ingawa mtazamaji humwona kana kwamba anaongeza mwendo.

Mbona hawaruki juu zaidi ili wasiguse kiunzi?

Kwa sababu hewani hakuna kukimbia. Mguu ukiwa juu hauwezi kusukuma ardhi, na kila sehemu ya sekunde anayokaa hewani inamgharimu. Mwenye ufundi hupita juu ya kiunzi akiwa amebakisha nafasi ndogo sana: mguu wa kuongoza hunyooka mbele na kushushwa haraka, kifua huinama, mkono wa upande wa pili hufuata, na mguu wa nyuma huletwa kwa ubavuni goti likiwa limekunjwa na kupandishwa. Ukitaka kupima ufundi wa mtu, tazama kichwa chake. Kikibaki kwenye mstari mmoja kutoka kiunzi cha kwanza hadi cha kumi, huyo amefundishwa.

Nikiwa uwanjani nitazame wapi?

Ukipata nafasi, kaa karibu na kiunzi cha saba au cha nane badala ya mstari wa mwisho. Kuanzia hapo uchovu hujitokeza: goti la mguu wa nyuma huanza kugonga, mikono hupanuka, mtu huingia njia ya jirani kwa bega. Pia sikiliza. Vishindo vya miguu katika mbio nzuri huja kwa mpigo mmoja usiobadilika, na mpigo ukikatika utajua kuna mtu amepoteza nafasi hata kabla ya kumwona.

## Kanuni zinazobishaniwa

Kuangusha kiunzi si kosa?

Si kosa, iwe kimoja au vyote kumi, mradi si kwa makusudi na hajamwathiri mwingine. Wengi hudhani kila kiunzi kinachoanguka huongezewa muda. Hakuna adhabu ya namna hiyo. Adhabu ni ya maumbile: kiunzi kikigongwa hupunguza mwendo.

Kinachomwondoa mkimbiaji ni haya: kutovuka kiunzi chochote, kupitisha mguu au wayo kando ya kiunzi chini ya usawa wa ubao wake wa juu, kukiangusha kwa makusudi, kwa mkono au kwa mwili, kuangusha au kusogeza kiunzi, cha njia yake au cha mwingine, kwa namna inayomzuia mwenzake, na kukimbia nje ya njia yake akapata faida au kumsumbua mwingine.

Jinsi kiunzi kimoja kinavyoweza kubadilisha historia, waulize Wamarekani. Mwaka 1992 Barcelona, Gail Devers alikuwa akiongoza akagonga kiunzi cha kumi, akamaliza wa tano, na dhahabu ikaenda kwa Paraskevi Patoulidou wa Ugiriki. Mwaka 2008 Beijing, Lolo Jones alikuwa mbele akagonga cha tisa na kumaliza wa saba. Hakuna aliyewaadhibu.

Kiunzi chenyewe ni kizito kiasi gani?

Kina uzito usiopungua kilo 10, lakini huwekewa vizani miguuni ili ubao wa juu usukumwe kwa nguvu ya takribani kilo 3.6 hadi 4 ndipo kianguke. Miguu yake huelekezwa kwa upande anakotokea mkimbiaji, kikaanguka mbele kikigongwa. Tunalisisitiza hili kwa walimu wa shule: kiunzi kilichogeuzwa nyuma hakianguki, na kimewavunja watoto. Kagua kila njia kabla ya kuruhusu mtu akimbie.

Nani huondolewa kwa kuanza mapema?

Yeyote anayeanza kabla ya mlio wa bastola, mara ya kwanza tu. Kanuni hiyo ipo tangu mwaka 2010. Vifaa vilivyounganishwa na vibao vya kuanzia hupima muda wa mwitikio, na ukipungua sekunde 0.100 huhesabiwa kuwa ameotea mlio badala ya kuusikia. Kuna mbio moja tofauti. Tazama swali la heptathloni, yaani shindano la matukio saba.

Mkimbiaji akianguka anaweza kuinuka na kuendelea?

Anaweza, mradi avuke viunzi vilivyobaki katika njia yake. Katika mchujo wa makundi madogo, hiyo imewahi kuwasaidia watu kufuzu. Akimwangusha mwenzake, kama Perdita Felicien wa Kanada kwenye fainali ya Athens mwaka 2004, aliyegonga kiunzi cha kwanza akaangukia njia ya Irina Shevchenko wa Urusi, suala linakuwa la refa. Tazama swali la kuzuiwa.

Upepo unahusika vipi?

Kipimo cha upepo huwekwa mita 50 kabla ya mstari wa mwisho, na katika mbio hizi husoma kwa sekunde 13 tangu mlio wa bastola. Upepo wa mgongoni ukizidi mita 2.0 kwa sekunde, muda haukubaliki kuwa rekodi. Nafasi na medali hubaki zilivyo.

Kwenye viunzi upepo una makali mawili. Ukisukuma mgongoni humfikisha mtu kwenye kiunzi mapema na karibu kupita alivyozoea, na asiyejua kufupisha hatua hujikuta akigonga. Ukivuma usoni, hatua tatu humpungukia. Kwa hiyo usiseme tu "walisaidiwa na upepo" kabla hujahesabu viunzi vilivyolala chini.

Nairobi na Addis Ababa si zina faida ya muinuko?

Zina faida, kwa mbio fupi. Hewa nyepesi hupunguza ukinzani, na muda uliowekwa kwenye muinuko unaozidi mita 1000 huandikwa herufi A pembeni. Rekodi hukubalika hata hivyo. Lakini nadhani faida hiyo hutajwa kupita kiasi kwenye viunzi, kwa sababu ile ile ya mpigo wa hatua: kasi ya ziada ambayo mkimbiaji hajaizoea ni tatizo jipya la kutatua ndani ya sekunde 13.

## Majina na rekodi

Tobi Amusan ni nani, na ana mataji mangapi ya bara?

Ni Mnigeria, na ndiye mwenye rekodi ya dunia: sekunde 12.12, iliyowekwa kwenye nusu fainali ya Mashindano ya Dunia huko Eugene, Marekani, tarehe 24 Julai 2022, upepo ukiwa +0.9. Kabla yake rekodi ilikuwa ya Kendra Harrison wa Marekani, 12.20 ya mwaka 2016, na kabla ya hapo 12.21 ya Yordanka Donkova wa Bulgaria iliyodumu tangu 1988.

Katika Mashindano ya Riadha ya Afrika alishinda Asaba 2018, Mauritius 2022 na Douala 2024. Kwenye Michezo ya Afrika alishinda Brazzaville 2015, Rabat 2019 na Accra 2024. Yale ya Mauritius yalikuwa Juni 2022, wiki chache kabla ya Eugene. Waliokuwepo walimwona mwenye rekodi ya dunia kabla dunia haijamjua hivyo, na hiyo ni sababu tosha ya kutodharau mashindano ya bara.

Safari yake haikuwa ya dhahabu tupu. Alikuwa wa nne Mashindano ya Dunia ya Doha 2019, wa nne tena Olimpiki ya Tokyo, na Olimpiki ya Paris 2024 alikomea nusu fainali. Mwaka 2025 Tokyo alirudi na fedha ya dunia kwa sekunde 12.29, nyuma ya Ditaji Kambundji wa Uswisi aliyekimbia 12.24.

Si alikimbia 12.06 siku ile ile? Mbona rekodi ni 12.12?

Alikimbia 12.06 kwenye fainali, kama saa mbili baada ya nusu fainali, na akawa bingwa wa dunia. Lakini upepo ulikuwa +2.5, juu ya kikomo (tazama swali la upepo). Binafsi naiona fainali ile kuwa kazi kubwa zaidi, kwa kuwa kutawala hatua zako katika upepo ule, mwili ukiwa bado na uchovu wa rekodi ya dunia, si jambo la bahati.

Kabla ya Amusan alikuwepo nani?

Glory Alozie, na anastahili kukumbukwa kuliko anavyokumbukwa. Alikimbia sekunde 12.44 mwaka 1998, na rekodi hiyo ya Afrika ilidumu hadi Septemba 2021, Amusan alipokimbia 12.42 Zurich. Alozie alikuwa bingwa wa Afrika Yaoundé 1996 na Dakar 1998, akapata fedha ya dunia mwaka 1999. Mwaka 2000 alifika Sydney kwa Olimpiki, na mchumba wake, mkimbiaji Hyginus Anugo, akafa kwa kugongwa na gari huko huko kabla ya mbio. Alishindana hivyo hivyo, akapata fedha kwa 12.68, sekunde 0.03 nyuma ya Olga Shishigina wa Kazakhstan.

Yupo pia Seun Adigun, aliyeshinda Nairobi mwaka 2010 na baadaye akaiwakilisha Nigeria kwenye Olimpiki ya majira ya baridi ya 2018 katika mbio za sleji ya barafu.

Kwa nini Afrika Mashariki haina bingwa wa mbio hizi?

Jibu la haraka linalotolewa ni kwamba miili yetu ni ya mbio ndefu. Silikubali. John Akii-Bua wa Uganda alishinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 400 kuruka viunzi mwaka 1972 kwa rekodi ya dunia ya 47.82, na Nicholas Bett wa Kenya akawa bingwa wa dunia wa mbio hizo mwaka 2015. Viunzi tunaviweza.

Tatizo ni hesabu. Fainali moja ya njia nane inahitaji viunzi 80. Shule inayotaka msichana mmoja afanye mazoezi ya kweli inahitaji angalau viunzi vitano vya kimo kinachorekebishika na mahali pa kuvihifadhi visiibwe wala kupata kutu. Inahitaji pia mwalimu anayejua kwamba mtoto hutangulizwa mpigo wa hatua kabla ya kimo. Mbio ndefu hazidai lolote kati ya hayo. Isitoshe, msichana mwenye kasi akionekana shuleni, upesi husukumwa kwenye mita 400 au 800 ambako njia ya kupata ufadhili inajulikana.

Msichana anayetaka kuanza aanzie wapi?

Aanze na vizuizi vya chini kabisa, hata vijiti vyepesi vinavyoanguka vikiguswa, vilivyopangwa karibu kiasi cha kumwezesha kupiga hatua tatu bila kujinyoosha. Nafasi ipanuliwe kidogo kidogo, kimo kifuate. Wasichana wa chini ya miaka 18 hutumia kimo cha sentimita 76.2 kwa mita 100, nafasi zikiwa zile zile za wakubwa. Ajifunze kuongoza kwa miguu yote miwili. Atakayehamia mita 400 atashukuru.

Bingwa wa Afrika huenda moja kwa moja Olimpiki?

Hapana. Olimpiki hutazama muda uliowekwa au nafasi kwenye orodha ya ubora ya dunia. Kwa Paris 2024 muda ulikuwa sekunde 12.77 na nafasi zilikuwa 40. Mashindano ya bara yana pointi nyingi kwenye orodha hiyo kuliko mashindano ya kawaida, kwa hiyo medali ya Afrika husaidia sana. Kwa Mashindano ya Dunia, ubingwa wa bara umekuwa mojawapo ya njia za kufuzu.

## Hali zisizo za kawaida

Wawili wakifika pamoja?

Kinachoangaliwa ni kiwiliwili. Kichwa na mikono havihesabiwi. Picha ya mstari wa mwisho husomwa hadi sehemu ya elfu ya sekunde ili kuwatenganisha. Wakiwa sawa hata hapo katika fainali, hugawana nafasi. Wakiwa sawa wakigombea nafasi ya mwisho ya kufuzu, wote hupitishwa kama njia zipo. Zikiwa hazipo, hupigwa kura.

Mkimbiaji akizuiwa na mwingine hufanyiwaje?

Nchi yake hukata rufaa kwa refa ndani ya dakika 30 tangu matokeo rasmi yatangazwe, na isiporidhika huenda kwa jopo la rufaa. Refa anaweza kumwondoa aliyezuia, kuamuru mbio zirudiwe, au kumpitisha aliyezuiwa hatua inayofuata. Sharti ni kwamba aliyezuiwa awe alikuwa anashindana kweli. Aliyesimama baada ya kuguswa kidogo ana kesi dhaifu kuliko aliyejikongoja hadi mwisho, kwa hiyo makocha huwaambia wakimbiaji wao: maliza kwanza.

Kwenye heptathloni kanuni ni zile zile?

Viunzi na vipimo ni vile vile, na ndilo tukio la kwanza kati ya saba. Tofauti ni kwenye kuanza: kosa la kwanza katika mbio ni onyo kwa kundi zima, na yeyote atakayekosea baada ya hapo huondolewa, hata kama kosa la kwanza halikuwa lake.

Aliyebadili uraia anaweza kushindana katika bara lingine?

Anaweza, akishakubaliwa na Shirikisho la Riadha Duniani. Alozie alihamia Hispania mwaka 2001, na mwaka 2002 akawa bingwa wa Ulaya wa mita 100 kuruka viunzi huko Munich. Rekodi yake ya Afrika haikufutwa, kwa kuwa aliiweka akiwa Mnigeria.

Ni kweli Amusan aliwahi kufungiwa kwa dawa?

Hakupatikana na dawa yoyote. Julai 2023 alishtakiwa kwa kukosa vipimo vitatu ndani ya miezi 12, kosa linalohusu kutopatikana mahali ulipoandika kuwa utakuwepo. Tarehe 17 Agosti 2023 jopo lilimwondolea shtaka, siku mbili kabla ya Mashindano ya Dunia ya Budapest kuanza, akaenda kutetea taji lake na kumaliza wa sita. Rufaa iliyopelekwa Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo ilitupiliwa mbali mwaka 2024.